Shikamoo Kwenye Barua Pepe, Deni la Mbao na Saa Nne ya Uholanzi

Katika toleo lililopita safu hii ilizungumzia barua ya kuomba kazi, na kumbe wasomaji wa Mbeya, Iringa na Njombe walikuwa na jambo lao jingine moyoni, nalo ni barua pepe wanazoandikiana na wateja, wanunuzi na maofisi. Nimechagua maswali sita. Kabla sijayajibu niseme tu kwamba nilikuwa katibu muhtasi jijini Mbeya kwa miaka mingi, nikianza na mashine ya taipu na kumalizia na kompyuta, na kila asubuhi ni mimi niliyekuwa nikifungua barua za watu na kuamua ipi iwekwe mezani kwa mkubwa wangu kabla ya chai na ipi isubiri. Ninayoyasema nimeyaona kutoka upande huo wa meza.

Nimelelewa Kalenga, mahali ambapo mtoto hapiti mbele ya mtu mzima bila kumwamkia. Sasa nipo kitengo cha mauzo katika kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti, na wateja wangu wengi wana umri wa baba yangu. Nikiwaandikia "Ndugu" naona kama nimewavunjia heshima. Nikiandika "Shikamoo", mwenzangu wa ofisini hucheka. Niandike nini? – Msomaji, Iringa

Mwenzako angeweza kukueleza bila kucheka, lakini hajakosea. Shikamoo ni salamu ya ana kwa ana. Inasubiri marahaba, na inapanga hapo hapo nani mkubwa na nani mdogo. Barua pepe ya biashara haina uhakika wa kuishia mikononi mwa mtu mmoja. Inaweza kufunguliwa na katibu muhtasi aliye mdogo kwako, ikapelekwa kwa mhasibu mnayelingana umri, ikachapwa na kufungwa kwenye jalada, kisha ikasomwa mwakani na mkaguzi wa hesabu asiyewajua wote wawili, na katika msafara huo wote hakuna wa kuitikia marahaba.

Neno "Ndugu" nalo halina upungufu unaoudhania. Lilishika mizizi maofisini katika miaka ya Ujamaa, likawa la mkubwa na mdogo, na lina faida moja ambayo "Bw." na "Bi." hayana: halikulazimishi kubahatisha. Majina mengi ya ukoo ya huku kwetu, hasa yale yanayoanza na Mwa-, hayasemi kama mwenye jina ni mwanamume au mwanamke. Niliwahi kumwandikia mama mmoja "Bw.", naye akanijibu kwa upole mwingi na kutia saini "Bw." ndani ya alama za kunukuu, sijarudia tena. Mwenye Dkt., Prof. au Mhandisi katika saini yake mwandikie hivyo hivyo alivyojiandika. "Mheshimiwa" mwachie mbunge, diwani, waziri, mkuu wa wilaya, jaji na wenzao, kwa sababu kumwita meneja wa duka la jumla Mheshimiwa ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mara nyingi mwenyewe hulijua hilo. "Mzee", "Mama" na "Bosi" viache kwenye simu. Hata ile "Kamwene", salamu ya Kihehe, ambayo ukimtamkia Mhehe mwenzako aliyeko Dar es Salaam itamfurahisha kuliko punguzo la bei, mahali pake ni kwenye simu.

Heshima yote uliyotaka kuiweka kwenye shikamoo ihamishie kwenye sentensi ya kwanza. Andika, kwa mfano: "Ndugu Meneja Ununuzi, ninakuandikia kutoka kiwanda cha mafuta ya alizeti kilichopo Ipogolo, Iringa, kuhusu oda yenu ya madumu 60 mliyoitoa tarehe 4 Machi." Mpokeaji ameshajua u nani, uko wapi na unataka nini, na hajalazimika kukuuliza chochote. Kwa mtu wa umri wa baba yako, kutopotezewa muda ni heshima kubwa, na atakayeisoma kwa simu akiwa njiani atakushukuru zaidi. Yale ya "natumaini u mzima wa afya kama nilivyo mimi" tuliyaandika tukiwa shule ya bweni na yalitufaa huko.

Nikiwa hapo hapo, niruhusiwe kulalamika kidogo kuhusu "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Barua za zamani ziliandika "Kichwa cha habari hapo juu chahusika", yaani kichwa ndicho kinachohusika. Sisi tumekigeuza kuwa amri, tunamwambia mpokeaji "husika!" kana kwamba ni kuruta kwenye gwaride. Katika barua pepe maneno hayo hayana hata kazi, kwa kuwa mada imeshaonekana kabla barua haijafunguliwa.

Nauza mbao. Mteja wangu wa Dodoma alichukua mzigo kwa makubaliano ya kumalizia malipo ndani ya siku 30, na leo ni siku ya 47. Simu hapokei. Nimeandika barua pepe tatu na zote nimezifuta, moja ilikuwa ya hasira na nyingine kama ya kuomba msaada. Sitaki kumpoteza, maana hununua kila msimu wa ujenzi. Rasimu ya tatu nawatumieni. – Msomaji, Mafinga

Rasimu yenyewe ilisomeka hivi: "Habari bosi, samahani sana kwa usumbufu najua upo bize ila nilikuwa nakumbushia ile hela yetu, kama utakuwa umepata hata kidogo utusaidie, hali huku ni ngumu kweli, Mungu akubariki."

Ndugu yangu, umeomba radhi kwa kudai mali yako. Ukaliita deni "ile hela", neno ambalo mhasibu wa Dodoma hawezi kulitafuta kwenye vitabu vyake. Ukamwambia "utusaidie", kana kwamba kulipa ni sadaka, na ukammalizia kwa "hata kidogo", maneno yanayomruhusu kutuma shilingi 50,000 na kulala usingizi. Upole wa namna hii unamwacha mdaiwa mahali pale pale alipokuwa, na wewe unabaki na kinyongo. Barua iliyo na adabu na iliyo na nguvu kwa pamoja ingeweza kuwa hivi:

*Mada: Ankara Na. 118 ya tarehe 3 Juni – salio la shilingi 1,275,000*

*Ndugu (jina),*

*Tunashukuru kwa oda yenu ya mbao 350 za paina za 2x4, ambazo mlizipokea Dodoma tarehe 5 Juni. Thamani ya oda ilikuwa shilingi 2,275,000, mkatanguliza shilingi 1,000,000, na tulikubaliana kwamba salio la shilingi 1,275,000 lilipwe kufikia tarehe 3 Julai. Hadi leo, tarehe 20 Julai, salio hilo halijatufikia.*

*Ikiwa malipo yameshafanyika, tafadhali tutumieni nakala ya hati ya malipo ili tuilinganishe na kumbukumbu zetu. Ikiwa bado, tunaomba mlipe kufikia Ijumaa tarehe 25 Julai kwenye akaunti iliyoandikwa katika ankara iliyoambatishwa, au mtuandikie kabla ya siku hiyo ratiba ya malipo mtakayoweza kuitimiza.*

*Tungependa kuendelea kuwahudumia katika msimu huu wa ujenzi.*

*(Jina, cheo, jina la yadi, namba ya simu)*

Tazama neno "halijatufikia". Ukiandika "hamjalipa" umetoa hukumu juu ya jambo lililotendeka au lisilotendeka Dodoma, mahali usipokuwapo. Ukiandika "halijatufikia" umesema unachokijua kwa hakika, na hakuna wa kukubishia. Tazama pia ile "Ikiwa malipo yameshafanyika". Benki huchelewesha, wahasibu hukosea tarakimu ya akaunti, na kama kweli alilipa, sentensi hiyo imekuokoa na aibu. Kama hakulipa, hujamwita mwongo, lakini umemwachia mlango mmoja tu wa kutokea, nao una tarehe. Tarehe ni muhimu kuliko kivumishi chochote. "Haraka iwezekanavyo" haijawahi kumfanya mtu afungue pochi, maana kila mmoja huipima haraka kwa saa yake.

Asipojibu, baada ya wiki moja itume tena kwa kujibu juu ya barua ile ile, ili historia yote ionekane bila wewe kuisimulia upya. Barua ya tatu ndiyo inayoweza kusema kwamba mtasitisha kumpakilia mzigo mpya hadi salio limalizike, na kutaja mahakama kusiwepo kabisa isipokuwa umeshaamua kwenda. Na ile "Dawa ya deni kulipa", hata kama imechorwa nyuma ya lori lako, ibaki huko huko nyuma ya lori.

Tuko vijana sita, tunakusanya viazi mviringo vijijini na tunataka kuviuza moja kwa moja kwa hoteli za Dar es Salaam. Tumetuma barua pepe kwa hoteli 20 kwa heshima zote, hakuna hata moja iliyojibu. – Msomaji, Uyole

Nimeisoma barua yenu. Heshima zimo, tena zimezidi. Kilichokosekana ni mada. Mahali pa mada mmeandika "Salamu", na meneja wa jiko anayepokea barua nyingi kwa siku hana sababu ya kufungua salamu za mtu asiyemjua.

Waliowahi kukaa masijala watakumbuka maneno yaliyokuwa kwenye kona ya barua za serikali, na bado yapo: "Unapojibu tafadhali taja", yakifuatiwa na Kumb. Na. Kwa namba ile karani alijua jalada la kuliendea bila kuisoma barua nzima. Katika barua pepe kazi hiyo imebaki kwa mada peke yake, kwa hiyo iandikeni kama mtu anayeandika kibandiko cha jalada: "Nukuu ya bei: viazi mviringo kutoka Mbeya, kilo 2,000 kwa wiki". Kesho kutwa meneja akivihitaji atawatafuta kwa neno "viazi" na atawapata.

Kosa la pili ni kipimo. Mmeandika "magunia 40". Mnunuzi wa hoteli hajui kama gunia lenu ni la kilo 100 au ni lumbesa lenye kilemba juu, na wasiwasi huo unatosha kumfanya anyamaze kuliko kuuliza. Wakala wa Vipimo wamekemea lumbesa kwa miaka mingi, na katika barua ya biashara lina madhara zaidi ya yale ya sokoni, kwa sababu hapa mnunuzi hawezi hata kulitazama. Andikeni kilo, andikeni bei ya kilo moja ikiwa imefikishwa hotelini au ikiwa Mbeya, andikeni siku ya kufika na muda ambao bei hiyo itadumu. Aya mbili zinatosha. Na punguzeni "naomba": barua yenu ina "naomba" tisa, mojawapo ikiwa "naomba nikuombe". Ninyi hamkwenda kuomba, mmekwenda na viazi.

Kikundi chetu cha wakulima wa parachichi kilipanga kuzungumza kwa video na mnunuzi wa Uholanzi. Tuliandika "Jumatano 05/11 saa 4". Tulikaa mbele ya kompyuta tangu saa nne asubuhi, hakutokea; naye akatuandikia kwamba alitungoja saa kumi jioni ya kwao. Nani mwenye kosa? – Msomaji, Tukuyu

Mwenye kosa ni aliyeandika. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, yeye anahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, na "4" yake ya mchana ilipogonga, kwenu Rungwe ilikuwa saa kumi na mbili, jua linazama. Kwa Mtanzania mwenzako "saa 4:00 asubuhi" haina utata wowote. Kwa mgeni, andika kwa mtindo wa saa 24 na utaje pande zote mbili: 10:00 kwa saa za Afrika Mashariki, ambayo ni 08:00 kwa saa za Uholanzi. Hapo pana mtego mmoja zaidi, kwa kuwa wenzetu husogeza saa zao: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba wako nyuma yetu kwa saa moja, na miezi iliyobaki kwa saa mbili. Mwezi andika kwa jina lake. Hiyo 05/11 Mmarekani angeisoma kuwa tarehe 11 Mei, na mngengoja zaidi ya siku moja.

Nina nyumba ya wageni. Kampuni moja ilihifadhi vyumba vitano kwa ajili ya wafanyakazi wake, walipofika tukawa tumeshatoa viwili kwa watu wengine. Wameniandikia barua pepe kali. Niliwajibu "Poleni kwa usumbufu uliojitokeza", wakakasirika zaidi. Nilikosea wapi? – Msomaji, Mbeya

Katika maneno mawili kati ya manne. "Pole" ni neno jema, tunampa mgonjwa, mfiwa, aliyechoka na aliyejikwaa. Linaonyesha kwamba umeyaona mateso yake, lakini halikiri kwamba wewe ndiwe uliyeyasababisha. Anayekwaa jiwe barabarani nampa pole. Nikimkanyaga mimi namwomba radhi. Wageni wako walikanyagwa, na ukawapa pole kama mpita njia.

"Uliojitokeza" ndilo lililowasha moto. Usumbufu haukujitokeza wenyewe kama uyoga baada ya mvua. Kuna mtu mapokezi aliyetoa funguo mbili bila kuangalia kitabu. Maofisi yetu yamelipenda mno neno hili, umeme ukikatika, maji yakikosekana, mtandao ukianguka, kila mahali usumbufu unajitokeza, na mwananchi amelichoka. Andika: "Tunaomba radhi. Tarehe 12 tulitoa vyumba viwili mlivyokuwa mmeshavihifadhi. Kosa lilikuwa letu. Gharama ya vyumba walivyolala wafanyakazi wenu kwingine tutawarejeshea kufikia Jumatatu, na kuanzia sasa kila hifadhi itathibitishwa kwa maandishi siku moja kabla." Ni sentensi nne, ya kwanza fupi kuliko zote, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Usieleze kwamba kijana wa mapokezi alikuwa mgeni kazini. Hilo ni lenu ninyi wawili.

Meneja wangu anataka kila barua pepe niweke nakala kwake, kwa mhasibu, kwa stoo na kwa mkurugenzi. Je, huo ndio utaratibu? – Msomaji, Njombe

Utaratibu wa nakala tuliurithi kutoka kwenye karatasi ya kaboni. Wakati wa taipu niliweka karatasi na kaboni kwa zamu, nikagonga kwa nguvu, na nakala ya tano ilitoka imefifia kiasi kwamba herufi "e" na "o" zilifanana. Kwa sababu hiyo mkubwa wangu alifikiri sana kabla ya kutaja nani apewe nakala. Kompyuta haififishi chochote, basi hatufikiri. Kanuni ninayoitumia ni kwamba barua uielekeze kwa yule anayetakiwa kutenda jambo, na nakala umpe yule tu ambaye asipojua kazi yake itakwama. Mkurugenzi anayepewa nakala ya kila oda ya misumari ataacha kuzisoma zote, ikiwemo ile moja iliyomhusu. Zungumza na meneja wako kwa mdomo, wala usimwandikie hilo kwa barua pepe yenye nakala.

Nimalizie kwa kisa changu, kwa kuwa kinahusu kitufe kile cha kujibu wote. Tulikuwa tukishindania kazi ya kusambaza vifaa vya ofisi, na mkubwa wangu akaniuliza kwa barua pepe tuteremke hadi bei gani. Nikamwandikia bei yetu ya chini kabisa, pamoja na maneno "lakini tuanze juu", nikabonyeza kitufe bila kuangalia kwamba mteja mwenyewe alikuwa ndani ya mazungumzo yale tangu siku ya kwanza. Baada ya dakika kumi likaja jibu la mstari mmoja: "Tumepokea kwa shukrani bei yenu ya chini kabisa, na tunaikubali." Tangu siku hiyo huanza kwa kuweka kiambatisho, kisha naandika barua, naisoma tena kwa sauti ya chini, na anwani za wapokeaji ndizo ninazoziandika mwisho.